Kwa Nini Sabuni Hukataa Maji ya Kisima

Anayefua kwa maji ya kisima kirefu katika nchi kame kama ya Kiritiri, Mbeere Kusini, mara nyingi hujua tabia yake kabla ya kuyaonja. Anasugua, kipande cha sabuni kinaisha, povu halitoki. Juu ya karai huelea uchafu mweupe unaonata kwenye kola za mashati. Akikinga maji ya mvua kwenye paa, sabuni ile ile inafura povu hadi viwikoni.

Lawama yote hutupiwa chumvi ya mezani, na hapo inaonewa. Wakorofi hasa ni kalsiamu na magnesiamu, ambazo maji huyeyusha polepole kutoka kwenye miamba. Molekuli ya sabuni ina mkia wa mafuta na kichwa chenye chaji hasi. Ioni ya sodiamu, ile ya chumvi ya mezani, ina chaji chanya moja tu, imejivika maji, na haikishiki kichwa hicho kwa nguvu. Ya kalsiamu ina chaji mbili: moja tu hukamata vichwa viwili kwa mpigo, na sabuni haiyeyuki tena. Ndio huo uchafu wa kwenye karai.

Mvutano kama huo unaendelea mwilini mwako sasa hivi. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walitoa mafuta ya seli nyekundu za damu wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo mara mbili ya uso wa seli zenyewe. Wakakata shauri kuwa utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, mikia ndani, vichwa nje. (Vipimo vyao vilikuwa na makosa mawili yaliyofutana, bahati nayo ina nafasi yake katika sayansi.) Unene wake ni kama nanomita 4 hadi 5 tu, lakini ioni hazipenyi kirahisi: kuingia kwenye mafuta kunazitaka zivue maji yaliyozizunguka, na gharama yake ni kubwa mno.

Zinachoweza ni kukaa mlangoni, kwenye vichwa. Sodiamu hushika kwa ulegevu. Kalsiamu hufukuza maji, huvuta vichwa vyenye chaji hasi pamoja, na kuukaza utando. Seli nayo huisukuma nje bila kuchoka, hata ikabaki ndani kidogo mara elfu kumi hivi kuliko iliyo kwenye damu.

Ukijikata kisu, kalsiamu hiyo hiyo inakuwa mwokozi. Chembe sahani zilizoamshwa hugeuza nje mafuta yenye chaji hasi, na kalsiamu huyaunganisha na protini za kugandisha damu. Ndiyo maana baadhi ya chupa za kuchukulia damu hospitalini huwekwa sitrati: hukamata kalsiamu, damu isigande.

Kwenye karai dawa ni ya zamani: magadi, kama yale ya Ziwa Magadi kule Kajiado. Kaboneti yake huigeuza kalsiamu kuwa unga mweupe unaotuama, na povu linatoka. Ila sodiamu imeongezeka, kwa hiyo maji hayo ni ya kufulia, si ya kunywa. Povu pia halikwambii lolote kuhusu floraidi, ambayo nayo inaweza kuwemo kwenye maji ya kisima. Mwenye kisima apeleke chupa ya maji maabara, na aombe kipimo cha sodiamu, kalsiamu na floraidi kabla watoto hawajaanza kuyanywa kila siku.