Taya la mtoto limepishana? Usikimbilie kulaumu kidole

Tuseme unaishi Uru. Mwanao wa darasa la pili amerudi nyumbani analia. Wenzake wanamtania kwa sababu kidevu chake kimetangulia na meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu. Bibi anasema ni kunyonya kidole. Shangazi anacheka: "Huyu ni babu yake mtupu."

Shangazi yuko karibu zaidi na ukweli. Kunyonya kidole kwa miaka mingi husukuma meno ya juu mbele. Kidevu kilichotangulia mara nyingi ni cha kurithi.

Weka vidole mbele kidogo ya masikio yako, kisha fungua na ufunge mdomo. Hapo panapocheza ndipo taya la chini linaposhikana na msingi wa fuvu, yaani sakafu ya mfupa inayobeba ubongo. Taya la juu limeungana na sehemu ya mbele ya sakafu hiyohiyo. Ni kama mlango na fremu: bawaba zikikaa vibaya, mlango haufungi sawa hata ukirandwa.

Sakafu hiyo ina mkunjo. Mkunjo ukiwa mpana, taya la chini huelekea kukaa nyuma; ukiwa mkali, huelekea kuja mbele. Lakini si kwa kila mtu. Urefu wa taya zenyewe nao unahusika.

Kwa nini mzazi asisubiri? Kwa sababu mifupa inakua. Sehemu ya mbele ya msingi wa fuvu hukaribia ukubwa wake wa mwisho mtoto akiwa na miaka 7 hivi, ila ya nyuma na taya la chini huendelea hadi baada ya balehe. Wakati huo, vifaa vya meno vinaweza kusaidia kuongoza ukuaji. Ukuaji ukishakoma, tofauti kubwa huenda ikahitaji upasuaji.

Basi mpeleke mtoto kwa daktari wa meno akifikisha miaka 7. Kwa watu wa Uru, KCMC si mbali. Mweleze daktari nani katika ukoo ana taya la namna hiyo, na kama mtoto hulala mdomo wazi. Usimng'oe meno ya utoto kabla ya wakati ili "kutoa nafasi".

Na usiku huu, kabla hajalala, mwambie mwanao kwamba hakukosea kitu.