Viazi vinapokuwa vyeusi, angalia mbolea kwanza

Familia nyingi zinazolima kwenye bustani za jumuiya hutuuliza: kwa nini viazi mviringo vina madoa meusi ndani, na chipsi zinakuwa nyeusi kabla ya kuiva? Wengi hulaumu mbegu. Huenda sababu ni mbolea.

Kwenye mfuko wa mbolea hapa Marekani kuna namba tatu, kwa mfano 5-10-10. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Naitrojeni hukuza majani. Ikizidi, au ukiiongeza kwa kuchelewa, mmea unaendelea kutoa majani na viazi havikomai vizuri. Vinakuwa na maji mengi, ganda jepesi, na sukari inayofanya chipsi ziwe nyeusi kwenye mafuta. Potasiamu ya kutosha hupunguza yale madoa meusi yanayotokea viazi vinapogongwa wakati wa kuvuna na kubeba.

Kwa hiyo, kuwa makini na mambo matatu:

1. Usiweke mbolea ya nyasi za uani, hata kama ni ya bei nafuu. Ina naitrojeni nyingi, na mingine imechanganywa na dawa ya magugu inayoweza kuua viazi vyako pia.

2. Usiweke samadi mbichi. Inaweza kuleta vijidudu vya kuumiza tumbo, na huchangia ukurutu kwenye ganda la viazi. Iache ioze kabisa iwe mboji.

3. Usimwage jivu bila kupima udongo. Jivu lina potasiamu, na wengi wetu tulilitumia nyumbani. Lakini hupunguza asidi ya udongo, na asidi ikipungua ukurutu huongezeka. Udongo mwingi wa Kivu ya Kusini una asidi. Wa hapa unaweza kuwa tofauti.

Ukishavuna, weka viazi mahali penye giza na ubaridi kiasi. Ndani ya friji wanga hugeuka sukari, na chipsi zitakuwa nyeusi hata kama mbolea ilikuwa sawa.

Kabla ya kununua mbolea, uliza ofisi ya ugani wa kilimo ya kaunti yako jinsi ya kupima udongo. Majibu yakija kwa Kiingereza, yalete ofisini kwetu tuyasome pamoja. Ni afadhali kulipia kipimo kuliko kupoteza msimu mzima.