Mha wa mpakani na mzigo wa kuthibitisha uraia

Kagunga ndiko Tanzania inakoishia ukifuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini. Kijiji kimebanwa kati ya maji na mlima, na ng'ambo ya mpaka ni Burundi, upande wa Nyanza-Lac. Watanzania wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza Mei 2015, pale makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia vurugu za muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza walipojazana ufukweni, kipindupindu kikazuka, na meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma mjini, wapelekwe kambi ya Nyarugusu.

Wakimbizi waliondoka. Wenyeji, Waha, wakabaki na shida yao ya siku nyingi ambayo haikupigwa picha: kushukiwa kuwa wao pia si wa hapa. Mha anayesafiri kwenda Tabora au Dar es Salaam anaijua vizuri. Basi linasimamishwa kizuizini, watu wanasemeshwa, na mwenye lafudhi ya Kigoma anateremshwa aeleze babu yake alizaliwa wapi na amezikwa wapi. Wamanyema wa Ujiji na Wabembe wa mwambao, ambao asili ya wazee wao ni Kongo, nao yanawakuta hayo hayo.

Kiha na Kirundi vinasikilizana, na hilo halikuanza jana. Hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, pande zote mbili za mpaka huu zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakakubaliana kugawana: Ruanda-Urundi ikaenda kwa Wabelgiji, Tanganyika ikabaki kwa Waingereza, na koo zikaangukia pande mbili bila kuhama hata hatua moja. Kisha serikali hiyo ya Kiingereza ikaigeuza Kigoma kuwa chimbuko la manamba. Waha walipelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakiwa Watanganyika wasiotiliwa shaka na mtu. Leo mjukuu wa manamba hao ndiye anayeulizwa kwao ni wapi.

Dola ina sababu ya kuuliza, tusiifiche. Tanzania imepokea wakimbizi wa Burundi kwa mawimbi tangu 1972, na wengine walijichanganya vijijini Kigoma badala ya kwenda makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kwa wale wa 1972 nchi yetu ilifanya jambo la nadra: mwaka 2014 ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia watu wapatao 162,000. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeendesha Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu, katika Kagera, Geita na Kigoma, na mashirika ya haki za binadamu yakaripoti kwamba hata waliokuwa nchini kihalali walitimuliwa. Msako wa haraka hauwezi kumtenganisha Mha na Mrundi kwa kuwaangalia sura.

Kisheria, tatizo liko kwenye ushahidi. Mtu wa mjini anatoa cheti cha kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, katika kijiji kinachofikiwa kwa boti, hana cha kutoa zaidi ya neno la wazee na kadi ya shule. Fomu ya kitambulisho cha taifa cha NIDA ya mtu wa mpakani hupitia macho ya Uhamiaji, na wabunge wa Kigoma wamelalamika bungeni mara nyingi juu ya wapiga kura wao wanaosubiri. Tangu 2020 bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Mvuvi wa dagaa asiye na laini yake hana pa kupokelea malipo ya mzigo wake kwa simu.

Na nani athibitishe? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, ilijibu swali hilo Machi 2018 katika shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Anudo alikuwa na nyaraka za Tanzania, akanyang'anywa hati ya kusafiria, akasukumwa Kenya, Kenya ikamrudisha, akakwama kati ya nchi mbili mpakani pale Sirari. Mahakama ilisema serikali iliyomtambua mtu kwa miaka ndiyo inayobeba mzigo wa kuonyesha kuwa si raia, na ikaagiza sheria irekebishwe ili aliyezaliwa raia apate mahali pa kufungua shauri uraia wake unapopingwa. Kwangu mimi hukumu hiyo ni haki tupu. Inasikitisha kwamba mwaka uliofuata Tanzania ilijiondoa katika utaratibu wa mtu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Mashauri hayatoshi; panahitajika pia mazungumzo kati ya dola na watu wenyewe, kama ilivyotokea kwingine. Wasinti na Waroma wa Ujerumani, ambao Wanazi waliwaua kwa malaki, waliendelea kuwekewa mafaili ya polisi baada ya vita kana kwamba kabila ni kosa. Aprili 1980 kundi la Wasinti liligoma kula huko Dachau, palipokuwa kambi ya mateso, likidai mafaili hayo yawekwe wazi. Machi 1982 Chansela Helmut Schmidt aliwapokea wajumbe wao na kukiri kuwa waliyotendewa na Wanazi yalikuwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2013 jimbo la Baden-Württemberg likatia saini mkataba nao na kuunda baraza la kudumu, nusu serikali, nusu wao wenyewe. Mfano wa Kenya uko karibu zaidi. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, kizazi cha vibarua wa mkonge kutoka Msumbiji, waliandamana hadi Nairobi, wakapokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, na 2017 wakatangazwa kabila la 43.

Kigoma haihitaji kugoma wala kuandamana. Ofisi ya mkuu wa mkoa, Uhamiaji na NIDA wakae meza moja na wazee wa Kagunga, Mwamgongo na Ujiji, kwa ratiba inayojulikana. Waandike kwa Kiswahili chepesi ni ushahidi gani unakubalika, uamuzi utoke ndani ya siku ngapi, na aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Nanyi wasomaji wa mwambao, mwandikisheni kila mtoto anayezaliwa sasa, kabla mzee anayeijua historia ya ukoo wenu hajaondoka nayo.