Kabla hujanunua dawa ya mende ya chupa ya soda

Jioni ikifika Mbagala, Tandale au Kigogo, sauti ya spika ndogo hupita uchochoroni ikiwataja wadudu mmoja mmoja: panya, mende, kunguni, viroboto, sisimizi. Msimu wa mvua sauti hiyo humgusa zaidi mzazi ambaye usiku wa jana alisikia panya wakikimbizana darini. Bei ni ndogo, dawa imeshapimwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na wengi hununua bila kuuliza ni dawa gani.

Chupa ile haina jina la dawa, haina kipimo, wala haisemi mtu akiinywa afanyiwe nini. Ikiwekwa chini ya kitanda au nyuma ya mlango, mtoto wa miaka miwili anaona soda tu. Panya na mende ni kero kubwa, lakini sumu isiyo na lebo inaweza kuua ndani ya saa chache.

Kwa nini mvua huwaleta ndani

Nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke zimejengwa jirani na maji. Mto Msimbazi unateremka kutoka milima ya Kisarawe na kupita Kigogo na Jangwani hadi baharini. Upande wa Temeke kuna Mto Kizinga na Mto Mzinga. Mito hii ikifurika, kama ilivyokuwa kwenye mafuriko makubwa ya Desemba 2011, maji hujaa kwenye mashimo ya panya, vyoo na mitaro. Wanyama na wadudu waliokuwa chini ya ardhi hupanda juu, na juu ndiko ziliko nyumba za watu.

Wakishaingia wanatafuta vitu vitatu: maji, chakula na pa kujificha. Sumu huua wale walioikuta. Vitu vitatu vikibaki, wengine watakuja wiki ijayo, na mzazi atanunua chupa nyingine. Ndiyo maana kazi huanza na usafi na kuziba matundu, na dawa hufuata mwisho.

Mbu wana ratiba tofauti

Mbu wa malaria huuma usiku, na dawa yake ya kwanza ni chandarua. Mbu wa homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Huyu hutaga kwenye maji yaliyotulia karibu na watu: pipa lisilofunikwa, diaba la akiba, tairi lililotupwa uani, kifuu cha nazi, hata kisahani chini ya chungu cha maua.

Kwenye joto la Pwani, yai la mbu huyu huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mzuri, lakini ukisubiriwa wenyewe, mbu watakuwa wameshazaliana zaidi ya mara moja katikati. Chagua siku moja kila wiki: mwaga maji ya zamani, sugua kuta za ndani za pipa kwa brashi, kisha funika. Kusugua ni muhimu kwa sababu mayai hugandia ukutani mwa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji.

Aina ya tatu ni mbu wa vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu, ambaye hapa Pwani hueneza matende na busha. Funika tundu la choo, na weka wavu kwenye mdomo wa bomba la hewa. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walimwaga chembe nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji ya vyoo. Mbu wakakosa pa kutagia, na viluwiluwi wakakosa hewa. Hakuna aliyepuliziwa sumu.

Panya na mende: ziba, funika, kausha

Panya mdogo hupita kwenye tundu ambalo kalamu inaingia. Zunguka nyumba mchana ukiangalia chini ya milango, panapopita mabomba na panapokutana ukuta na bati. Jaza matundu kwa stilwaya ya kusugulia masufuria, kisha piga saruji juu yake. Tambara au karatasi atavitafuna usiku huohuo. Waliobaki ndani wategee mtego wa kubana ukutani wanakopita, mbali na mikono ya watoto.

Unga, mchele na dagaa vikae kwenye ndoo zenye mifuniko. Vyombo vya chakula cha usiku visilale kwenye beseni. Mende anaweza kuishi muda mrefu bila chakula, lakini hukimbilia maji, hivyo kausha sinki na sakafu ya bafu kabla ya kulala na weka kichujio kwenye tundu la maji machafu. Maboksi ya katoni yaliyorundikwa jikoni ni nyumba yao. Yatoe.

Kuna sababu nyingine ya kuwachunga panya. Julai 2022, Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, uliosababisha vifo. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kupitia kidonda au mchubuko. Mtoto asichezee maji ya mafuriko. Akipita humo, aoge kwa sabuni.

Kunguni hawataki mafuta ya taa

Kumwagia godoro mafuta ya taa au dawa ya shambani ni kumlaza mtoto juu ya moto au sumu. Kunguni hufa kwa joto. Fua mashuka kwa maji ya moto, mimina maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda, anika godoro juani huku ukikagua mishono yake, na rudia kila wiki kwa wiki kadhaa kwa sababu mayai huendelea kuanguliwa. Kagua pia kochi au kitanda cha mtumba kabla hakijavuka mlango.

Kama ni lazima kutumia dawa

Nunua dukani, iliyofungwa na yenye lebo inayosomeka, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Usiihamishie kwenye chombo kingine. Watoto na vyakula vitoke kwanza, na chumba kipate hewa kabla hawajarudi. Dawa ihifadhiwe juu, kwenye kabati lenye kufuli.

Mtoto akinywa sumu, dalili zinaweza kuwa udenda mwingi, jasho, kutapika, kutetemeka au kupumua kwa shida. Baadhi ya sumu za panya hazionyeshi dalili yoyote kwa siku kadhaa, huku damu ikipoteza uwezo wa kuganda. Usisubiri dalili. Usimtapishe, na usimpe maziwa wala mafuta. Kama imemwagikia mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa maji na sabuni. Mkimbize hospitali, na chukua chupa au pakiti mwende nayo.

Nyumba moja, wapangaji sita

Kwenye nyumba za kupanga, mpangaji mmoja akipulizia chumba chake peke yake, mende huhamia kwa jirani na kurudi baada ya wiki. Wapangaji wakikubaliana zamu ya kuzibua mtaro, ndoo moja ya taka yenye mfuniko, na siku moja ya kusugua mapipa, gharama hupungua kwa wote. Wanaweza kuanza kwa kukagua pamoja chupa zote zilizo chini ya vitanda, kabla mtoto hajazikagua yeye.