Matigari: Mtu wa hadithini aliyesakwa na polisi wa Kenya

Januari 1987, taarifa za kiusalama zilimfikia Rais Daniel arap Moi wa Kenya. Wananchi wa Mkoa wa Kati walikuwa wananong'ona kuhusu jamaa mmoja anayeitwa Matigari. Eti anazunguka nchi nzima akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki.

Amri ikatoka: akamatwe haraka.

Polisi wakaingia kazini. Kumbe mtu mwenyewe hayupo! Matigari alikuwa mhusika wa riwaya.

Kisa hiki kilisimuliwa na mwandishi wa riwaya hiyo, Ngũgĩ wa Thiong'o, kwenye utangulizi wa toleo la Kiingereza. Kwa maelezo yake, Februari 1987 polisi walivamia maduka ya vitabu na kuzoa nakala zote. Mtu alipokosekana, kikakamatwa kitabu.

Sasa kitabu hicho kilikuwa na nini?

Hadithi yenyewe

Kilitoka Oktoba 1986 kwa lugha ya Kikuyu, kikiitwa *Matigari ma Njirũũngi*, yaani mabaki ya risasi: wale walionusurika vitani.

Matigari ni mpiganaji anayetoka msituni baada ya kumshinda mlowezi Williams na mtumishi wake, John Boy. Anazika silaha chini ya mti wa mugumo, anajifunga mshipi wa amani, kisha anakwenda kudai nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Anakuta nini? Nyumba iko mikononi mwa mtoto wa John Boy, na mtoto wa Williams ni mshirika wake. Uhuru umepatikana, lakini wenye mali ni walewale.

Kuanzia hapo riwaya inakuwa kama ngano za bibi. Mzee anaonekana kijana, kisha mzee tena. Anatoka jela na hakuna anayejua katokaje. Watu wanaanza kuulizana: ni malaika? Ni Yesu karudi? Nchi yenyewe haitajwi jina, na mwaka pia hautajwi. Redio ya taifa inaitwa Sauti ya Ukweli, lakini kazi yake ni kusifu watawala.

Hakuna mahali Moi anapotajwa. Lakini msomaji alijua.

Kwa nini serikali iliogopa?

*Sababu ya kwanza ni lugha.* Miaka ya nyuma Ngũgĩ aliandika kwa Kiingereza vitabu vikali tu, na aliachwa huru. Mambo yalibadilika mwaka 1977, pale yeye na Ngũgĩ wa Mirii walipoandika tamthilia ya Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda*, ikachezwa na wanakijiji wenyewe huko Kamirithu, Limuru. Serikali ikaizuia. Desemba 31 mwaka huohuo Ngũgĩ alikamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani.

*Sababu ya pili ni masikio.* Akiwa gerezani Kamiti aliandika riwaya nyingine ya Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Iliyotafsiriwa kwa Kiswahili inaitwa *Shetani Msalabani*. Ilipotoka mwaka 1980, watu waliisoma kwa sauti nyumbani na hata baa, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Maana yake, asiyejua kusoma naye aliipata. Kitabu cha namna hiyo huwezi kujua kimefika kwa watu wangapi.

*Sababu ya tatu ni wakati.* Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982, mwaka ambao pia kulikuwa na jaribio la mapinduzi. Mwaka 1986 ulianza msako dhidi ya kundi la siri la Mwakenya. Wahadhiri na wanafunzi walikamatwa, wengine wakateswa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi. Katika hali hiyo, mtu asiyeonekana anayeuliza "haki iko wapi?" alionekana hatari kweli.

Je, kukamata kitabu kulisaidia?

Ngũgĩ mwenyewe hakukamatika, kwa sababu tangu 1982 alikuwa uhamishoni. *Matigari* ikatafsiriwa kwa Kiingereza na Wangui wa Goro, ikatoka 1989, dunia ikaisoma. Walioumia zaidi ni wasomaji wa nyumbani, ambao kitabu kiliandikwa kwa lugha yao lakini dukani hakipo.

Tanzania nako tuna letu. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku shuleni. Baadaye wanafunzi wakaisoma darasani. Tofauti ni kwamba kwetu hofu ilikuwa maadili, kule ilikuwa madaraka.

Arusha inahusikaje?

Ukitoka Themi na kushika barabara ya Namanga, mpaka wa Kenya uko kama kilomita 110 tu. Lakini mwaka 1987 mchapishaji aliyenyang'anywa vitabu hakuwa na pa kukimbilia nje ya nchi yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977.

Leo Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapahapa Arusha. Machi 28, 2019 iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hukumu peke yake haibadilishi sheria, ila angalau kuna mlango wa kubisha.

Ngũgĩ alifariki dunia Mei 28, 2025, nchini Marekani, akiwa na miaka 87. *Matigari* bado inasomwa. Na mhusika wake, aliyetolewa amri ya kukamatwa, hajawahi kupatikana hadi leo.