Chumvi ya Mombasa inavyokula mjengo wako

Ukipita Ndia Kuu, inua macho. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama tu. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 na bado ipo. Sasa tazama gorofa ya juzi iliyobanwa katikati: roshani ina ufa, doa la kutu, zege limedondoka na nondo ziko nje. Kwani wazee walijua nini?

Nyumba zao hazikutegemea chuma. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Zetu zimeficha nondo ndani ya zege, kisiwani, bahari pande zote. Upepo unaleta chumvi, na fundi anaongeza nyingine akikoroga kwa maji ya kisima ya munyu. Alkali ya saruji huilinda nondo, lakini chumvi ikiifikia, ulinzi huo unavunjika. Kutu nayo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, kwa hivyo inapasua zege kutoka ndani. Ufa unaingiza chumvi zaidi. Kupaka rangi hapo ni kumpaka mgonjwa poda.

Ndipo unasikia habari za nyuzi. Za plastiki, aina ya polipropilini, ni fupi, sentimita 1 au 2, na huchanganywa kama kilo 1 kwa mita 1 ya ujazo. Haziozi wala hazioti kutu, na huzuia zile nyufa ndogo za zege linapokauka, ambazo ndizo mlango wa chumvi. Za chuma huota kutu juu juu na kuacha madoa. Za kioo cha kawaida huliwa na alkali ya saruji yenyewe, labda uchague zile zenye zirkonia.

Lakini ukiambiwa ati ukitia nyuzi za plastiki unaweza kupunguza nondo za slabu, kataa. Haziwezi kubeba mzigo huo. Na zege lililokorogwa na maji mengi haliokolewi na nyuzi zozote. Anza na maji matamu, mchanga usio wa ufuoni, na zege la kama sentimita 5 juu ya nondo upande unaopigwa na upepo wa bahari. Fundi atalalamika. Mwache alalamike.

Na wewe mpangaji, ukiona ufa wa mstari mnyoofu juu ya kitanda, gonga dari taratibu kwa mpini wa ufagio, ukiwa umesimama kando. Ikilia kama debe tupu, hamisha kitanda leo, kisha mpigie mwenye nyumba.