Pua Yako Haina Makosa: Lenzi Ipi Yafaa kwa Picha ya Sura?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Nia ya makala haya ni kueleza jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kulifikiria sana, nalo ni kumpiga mtu picha ya sura. Kwa picha ya sura nina maana ya picha ambayo mtu mwenyewe ndiye habari yake, si mlima ulio nyuma yake wala gari aliloliegemea.

Huenda mwenzangu ukauliza, "Ati hili nalo lina uzito gani hata liandikiwe makala?" Lina uzito. Picha ya sura ndiyo inayotundikwa ukutani sebuleni. Ndiyo nyanya anayoitoa sandukuni akimwonyesha mgeni mjukuu wake aliye ng'ambo. Na mtu akiaga dunia, ndiyo jamaa wanayoitafuta usiku huo huo ili itangulie mbele ya jeneza. Aghalabu hupatikana moja tu. Ikiwa hiyo moja imempotosha sura, basi hivyo ndivyo vitukuu watakavyomjua.

Aidha, liko jambo linalotugusa sisi vijana. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini likizo ikifika kila mtu hujipiga picha zile ziitwazo selfi. Kisha mtu hujitazama akaona pua imetanda na masikio yamejificha, akaanza kusononeka: "Kumbe mimi ndivyo nilivyo!" La hasha! Hebu nifuate hatua kwa hatua nawe utaona kosa liko wapi.

NAMBA ZA LENZI

Kila lenzi ya kamera ina namba iliyoandikwa kwenye ukingo wake, kama vile 24, 35, 50, 85 au 135. Hizo ni milimita, na kinachopimwa ni urefu wa fokasi. Wanafunzi wa fizikia wanakumbuka kwamba huo ni umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale miale ya kitu kilicho mbali sana inapokutana. Kwa lugha nyepesi, namba ndogo ina maana kwamba lenzi huona eneo pana. Namba kubwa ina maana kwamba huona eneo jembamba na kukivuta karibu kitu kilicho mbali. Lenzi ya 50 huitwa ya kawaida. Zile zenye namba mbili zilizotengwa kwa kistari, kwa mfano 18-55, ni za zumu, yaani unaweza kuzungusha ukachagua namba yoyote iliyo kati ya hizo mbili.

Namba nitakazozitaja ni za kamera za filamu ya milimita 35, ambazo picha yake ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, pamoja na kamera za dijitali zenye kipokezi cha mwanga cha ukubwa huo. Kamera nyingi za dijitali za bei nafuu zina kipokezi kidogo kuliko hicho. Kwa hizo, zidisha namba ya lenzi kwa 1.5 ikiwa ni Nikon au Sony, na kwa 1.6 ikiwa ni Canon. Basi lenzi ya 50 ikivishwa kamera hizo huona kama lenzi ya 75 au 80. Nayo kamera kuu ya simu nyingi huona kama lenzi iliyo kati ya 24 na 28. Tafadhali iweke akilini namba hii ya simu, kwani tutairudia.

Haja ya kuwa na lenzi maalum ya sura si ya jana. Mbinu ya Daguerre ya kupiga picha ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, mtu alilazimika kutulia tuli juani kwa dakika kadhaa bila kutikisa kichwa. Mwaka uliofuata, yaani 1840, mwanahisabati Joseph Petzval wa mjini Vienna alibuni kwa hesabu lenzi iliyokusudiwa nyuso za watu. Lenzi hiyo, iliyotengenezwa na Voigtländer, iliingiza mwanga mwingi zaidi hata muda wa kutulia ukapungua sana. Tangu hapo wapiga picha wa studio wakapata kazi ya kudumu.

NI NINI HASA KINACHOKUZA PUA?

Watu wengi husema kwamba lenzi pana hukuza pua. Usemi huu umeenea sana, lakini ni nusu ya ukweli. Mkosaji halisi ni umbali kati ya kamera na uso. Tufanye hesabu kidogo, na walimu wetu wa hisabati watatusahihisha.

Tuseme kutoka ncha ya pua hadi usawa wa masikio ni sentimita 12. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye pua, masikio yatakuwa sentimita 42 kutoka kwenye kamera. Kitu kikiwa mbali zaidi huonekana kidogo zaidi kwa kipimo kile kile. Gawanya 42 kwa 30, utapata 1.4. Maana yake ni kwamba pua imechorwa kwa kipimo kilichozidi kile cha masikio kwa asilimia 40! Sasa rudi nyuma hadi mita 1.5. Pua iko sentimita 150 na masikio 162. Ukigawanya utapata 1.08, yaani ziada ya asilimia 8 tu. Ukirudi hadi mita 3, ziada ni asilimia 4. Pua ni ile ile na mtu ni yule yule.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 2018 daktari wa upasuaji wa uso, Boris Paskhover, na wenzake nchini Marekani walichapisha hesabu iliyotumia vipimo vya nyuso za watu. Waliona kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa inchi 12, yaani takriban sentimita 30, huonyesha pua ikiwa pana zaidi kwa karibu asilimia 30. Kwa umbali wa futi 5, yaani mita 1.5, tofauti huwa kama haipo. Daktari huyo alijishughulisha na jambo hili kwa sababu wagonjwa walikuwa wakimwonyesha selfi zao huku wakimwomba awapunguze pua. Jamani, mtu kwenda kukatwa pua kwa kosa la mkono mfupi!

LENZI HUKUPANGIA PA KUSIMAMA

Sasa utauliza, kama kosa ni la umbali, lenzi inahusika vipi? Inahusika hivi: kila lenzi hukulazimisha usimame mahali fulani ili mtu ajae vizuri katika picha. Tuchukue picha ya kichwa na mabega, kamera ikiwa imesimamishwa wima, na eneo linaloonekana likiwa na urefu wa sentimita 60. Utahitaji kusimama takriban hivi:

Lenzi ya 24: sentimita 40
Lenzi ya 35: sentimita 60
Lenzi ya 50: sentimita 90
Lenzi ya 85: mita 1.5
Lenzi ya 135: mita 2.4
Lenzi ya 200: mita 3.5

Mwenye lenzi ya 24 hana budi kumsogelea mtu hadi pua iwe kama ya katuni. Mwenye 85 husimama mita moja na nusu, mahali pale pale ambapo Paskhover na wenzake waliona pua haibadiliki. Ndiyo sababu wapiga picha wa miaka mingi wakazipenda lenzi za kati ya 85 na 135 kwa kazi ya nyuso. Umbali huo pia ni wa adabu. Hujamkaribia mtu hata akahisi pumzi yako, wala hujaenda mbali hata ukalazimika kumpigia kelele.

Mfano unaojulikana duniani kote ni picha ya msichana mkimbizi kutoka Afghanistan, iliyopigwa na Steve McCurry nchini Pakistan mwaka 1984 na kutokea kwenye jalada la jarida la National Geographic mwezi Juni 1985. Lenzi aliyotumia ilikuwa ya 105. Macho yale yanakutazama moja kwa moja, na uso umekaa kwa vipimo vyake halali. Hata hivyo, jina la msichana huyo, Sharbat Gula, lilijulikana mwaka 2002 tu, alipotafutwa na kupatikana. Kwa hivyo, wewe unapompiga mtu picha, muulize jina lake na umwombe ruhusa kwanza. Hakuna lenzi itakayokufanyia hilo.

KILA LENZI NA KAZI YAKE

Msidhani kwamba lenzi pana haina kazi. Ukitaka kumwonyesha fundi wa viatu pamoja na nyundo, gundi na viatu vilivyomzunguka, lenzi ya 35 ndiyo yako. Simama mita mbili au zaidi, mwonyeshe mzima pamoja na kibanda chake. Uso hautapotoka kwa kuwa hukumsogelea.

Lenzi ya 50 inafaa picha ya kuanzia kiunoni kwenda juu. Isitoshe, huwa ndiyo ya bei nafuu kuliko nyingi na huingiza mwanga mwingi. Ikivishwa kamera yenye kipokezi kidogo, huwa karibu sawa na ile ya 85. Kwa mwanafunzi anayeanza, sioni chaguo bora zaidi. Ikiwa una zumu ya 18-55 pekee, izungushe hadi 55 kisha urudi nyuma.

Lenzi ya 200 hufaa pale usipoweza kukaribia, kama vile mtu anapohutubia jukwaani siku ya kutoa zawadi. Lakini kwa picha ya kukaa, uso huelekea kuonekana bapa, na tena mtu yuko mbali mno hata hamwezi kuongea. Uso wa mtu asiyeongeleshwa hukakamaa kama wa picha ya kitambulisho.

MWENYE SIMU AFANYE NINI?

Wengi wetu hatuna lenzi za kubadilisha. Tuna simu ya mzazi, basi. Habari njema ni kwamba ile hesabu ya umbali haijali bei ya kamera. Mpe mwenzako simu, asimame mita 1.5 au mbili, akupige, kisha mkate pembezoni mwa picha ubaki uso na mabega. Vipimo vya uso vitakuwa sawa na vya mtu aliyetumia lenzi ya 85 akiwa amesimama hapo hapo. Kitakachopungua ni ung'avu wa picha tu, kwa kuwa umetumia sehemu ndogo yake.

Usiamini kwa kuwa nimeandika. Jaribu nyumbani. Mpige ndugu yako akiwa sentimita 30, kisha mita 1.5, kisha mita 3. Zikate zote ili kichwa kiwe na ukubwa mmoja, uziweke kando kwa kando, na uyatazame masikio. Katika picha ya kwanza yatakuwa karibu kutoweka nyuma ya mashavu. Katika ya tatu yatakuwa yamejitokeza wazi.

PICHA YA DARASA

Hapa ndipo lawama huwa nyingi kila mwaka. Wanafunzi arobaini na zaidi hupangwa mistari mitatu, mpiga picha akasimama karibu na lenzi pana ili wote waenee. Picha ikitoka, walio katikati wako sawa, lakini wa pembeni vichwa vimevutwa vikawa kama maembe. Lenzi pana huvuta kilicho ukingoni, ndiyo kawaida yake. Dawa ni kurudi nyuma kadiri uwanja unavyoruhusu, kutumia 35 au 50, na kuacha nafasi tupu pande zote mbili. Ni afadhali kuongeza mstari wa nne kuliko kuurefusha ule wa mbele. Hakuna haki katika kumpeleka mwenzetu ukingoni kisha kumcheka picha ikisafishwa.

TAHADHARI YA MWISHO: TUNDU LA LENZI

Pamoja na urefu wa fokasi, lenzi ina namba ya tundu la kuingiza mwanga, kama f/1.8 au f/5.6. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mandhari ya nyuma huwa kama ukungu. Wengi huupenda ukungu huo, lakini una gharama. Kwa lenzi ya 85 iliyofunguliwa f/1.8 ukiwa mita 1.5, sehemu inayoonekana wazi ina kina cha sentimita 3 hivi. Jicho litakuwa wazi na sikio limefifia. Ukifunga hadi f/5.6, kina hufika sentimita 10 hivi, na uso karibu wote huonekana. Vyovyote vile, lenga jicho lililo karibu na kamera, na uiweke kamera usawa wa macho ya unayempiga.

Nikielekea tamati, wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mpiga picha naye asisingizie lenzi, na anayepigwa asiisingizie pua aliyopewa na wazazi wake. Likizo hii, kabla ya shughuli nyingine, mkalishe nyanya au babu kwenye kiti karibu na mlango penye mwanga mwanana, rudi nyuma hatua mbili kubwa, umwongeleshe, umpige picha moja iliyo sahihi. Kisha ichapishe na uandike jina lake na mwaka nyuma yake.